Shahidi wa Pili Alikataa Kuapa

Mwanamke alikuwa amelala kitandani na goti lisilokunjika, nami nimelishika kwa woga, kama mtu aliyepewa ghafla mtoto mchanga wa jirani. Upande wa pili wa pazia, mwanamume nisiyemwona aliniuliza, "Adeer, unasikia nini chini ya kidole gumba?"

"Mfupa," nikajibu.

"Mfupa hata mbuzi anao. Nakuuliza unasikia nini."

Mwanamke akacheka, goti likatikisika, na hapo kwa mara ya kwanza nikasikia: kitu kama kamba nyembamba kikiteleza pembeni mwa pia ya goti, kikakwama, kikateleza tena. Nikamwambia. Yule wa nyuma ya pazia akasema, "Basi hapo. Usibonyeze. Subiri kikuruhusu."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi ambayo leo naisomea kwa vitabu vizito. Ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Ifo, katikati ya miaka ya tisini, kwenye chumba cha mabati kilichokuwa kitengo cha tiba ya viungo. Wanawake wengi hawakukubali kushikwa paja wala nyonga na mwanamume, na yeye mwenyewe hakutaka kuwashika. Kwa hiyo alikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, mgongo wake ukituelekea, akaona kwa maneno yangu. Mimi nilikuwa mikono, yeye alikuwa macho. Tulizungumza Kisomali, Kiswahili alikuwa nacho kidogo tu, cha kuwatibia askari polisi waliovunjika. "Mimi fundi ya fiungo, afande," aliwaambia. "Lala. Bumua." Nao walilala, wakapumua.

Wote tulimwita Maalim. Mimi nilimwita adeer pia, yaani baba mdogo, ingawa hatukuwa ndugu, na yeye akanirudishia neno lilelile kama ilivyo kwetu, ambako mkubwa humwita mdogo kwa jina la heshima analoitwa yeye. Alisomea kazi hiyo miaka mitatu Mogadishu, akaifanya katika hospitali kubwa ya huko mpaka vita vilipoingia. Cheti chake kilibaki ndani ya sanduku la bati, na sanduku lilibaki ndani ya nyumba, na nyumba hakujua imebaki wapi. Kwenye orodha ya wafanyakazi wa kambi aliandikwa "msaidizi". Hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Mtaalamu mwenye leseni alikuja kutoka Nairobi mara moja kwa miezi kadhaa, akatia sahihi faili zote siku moja, akaondoka na msafara wa magari kabla ya alasiri.

Mimi sikuajiriwa kushika magoti. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya wanyama kutoka chuo kikuu, na baada ya kukaa mwaka mzima nyumbani kwetu Iftin, mjini Garissa, nikisikiliza mama akiwaeleza majirani kwamba binti yake ni msomi wa fisi, nilipata kazi ya ukarani wa kumbukumbu huko kambini. Niliipenda kazi ile kwa sababu isiyo nzuri sana. Napenda kuuliza, na faili humpa mtu wa namna yangu nafasi ya kuuliza bila kukatazwa. Mtu aliandikishwa ana miaka thelathini mwezi wa pili, arobaini mwezi wa tano. Mama alisema alivuka mpaka na watoto wanne, kadi inaonyesha sita. Mimi niliona. Niliwaita, nikawauliza. Wenzangu walinipa jina, Askari wa Faili, na nilijifanya limeniudhi.

Sikuelewa wakati ule kwamba watu wanaweza kukosea tarehe na bado wawe wakweli. Kwetu mwaka hauna namba. Una jina la ukame wake, au la ugonjwa uliokula ng'ombe, na ukoo mmoja huuita hivi na mwingine vile. Nilijua hayo, nimelelewa nayo. Lakini nilikuwa nimesoma miaka minne mahali ambapo kutokujua tarehe ni kutokujua kitu, na nilirudi nikiwa mkali kwa watu wangu kuliko mgeni yeyote.

Kisha akaja mgeni huyo hasa. Alikuwa mwalimu wa chuo kimoja Marekani, mwanamke mfupi mwenye kofia pana, aliyeletwa kwa wiki mbili kuangalia kitengo chetu. Siku ya tatu aliomba kukaa nasi ndani, upande wa wagonjwa. Alimsikia Maalim akiniuliza kutoka nyuma ya pazia, nikawa namtafsiria kwa Kiingereza huku mikono ikiendelea. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye lori la maji na nyonga yake ikapona vibaya. Tulipomaliza, bibi alisimama akatembea hatua saba mpaka mlangoni, akageuka akasema hatarudi kwenye kitanda kile maana kinanuka dawa. Baadaye mgeni aliniambia kwamba yeye hufundisha jambo lile kwa muhula mzima, na wengi humaliza bila kulipata.

Jioni yake alinipa kijitabu. Chuo chao, alieleza, kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyoanza kitu kipya: mtu kuingia kazi ya tiba ya viungo kwa shahada ya udaktari moja kwa moja. Zamani stashahada ilitosha, baadaye ikawa shahada ya kwanza, sasa mlango wenyewe ulikuwa unapandishwa juu. Kulikuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa mtu anayefanya kazi katika kambi kama zetu, na njia mbili za kuiendea. Njia ya kwanza ilikuwa ya mwenye shahada nyingine ya sayansi, aliyesoma masomo fulani na kutimiza saa mia moja na hamsini akiangalia kazi, saa hizo zithibitishwe na mtaalamu mwenye leseni. Njia ya pili ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuifanya kazi kwa miaka mingi kwa stashahada. Huyo angepunguziwa masomo. Kama vyeti vyake vilipotea vitani, angeleta taarifa za mashahidi wawili waliomwona akisoma.

"Njia ya pili ni yake," mgeni alisema, akionyesha pazia kwa kidevu. Kisha akanitazama. "Na ya kwanza ni yako, ukitaka. Kamati itachagua."

Nilimsomea Maalim kijitabu kile mara tatu. Mara ya kwanza alicheka.

"Kwa hiyo nikirudi nitakuwa daktari?"

"Ndiyo, adeer."

"Daktari asiyetoa dawa?"

"Ndiyo."

"Na goti la mtu litakunjika haraka zaidi akishikwa na daktari?"

"Sijui."

"Hukuuliza? Wewe? Subhanallah, basi huyo mgeni amekuroga."

Mara ya pili hakucheka. Alitaka kujua neno kwa neno njia ya pili inasema nini. Mara ya tatu, tukiwa tunafunga chumba, aliniomba kijitabu chenyewe ingawa Kiingereza hakukisoma, akakifunga ndani ya mfuko wa nailoni kama mtu anavyofunga kadi yake ya chakula. "Adeer," aliniambia, "nimechoka kuwa msaidizi wa mtu asiyekuwepo."

Sikumwambia kwamba na mimi nina njia. Nilijiambia bado sijaamua. Lakini usiku huohuo nilikuwa nimeshaanza kuhesabu saa zangu.

Lazima niseme nilichokuwa nafikiri, maana hapa ndipo watu hupamba. Nilifikiri kwamba jambo zima ni la kipuuzi. Nani aliamua kwamba mikono inahitaji udaktari? Kama Maalim anajua, anajua; kama hajui, miaka saba ya chuo haitampa. Nilimweleza mama hoja hii nilipokwenda nyumbani, akiwa anapepeta mchele uani.

"Bibi yako alikanda viungo vya nusu ya mji huu," mama alisema. "Hakuwahi kukaa kwenye dawati."

"Ndicho ninachosema."

"Basi wewe unataka kwenda kufanya nini?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nataka kwenda. Mtu anaweza kuucheka mlango na bado akatamani sana kuwa ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimechoka na vumbi, nimechoka na faili. Nilijaza fomu yangu kwenye meza ya mama, nikamwambia ni kazi ya ofisi.

Saa mia moja na hamsini nilikuwa nazo, na zaidi. Zote nilizipata mbele ya pazia, mwalimu wangu akiwa nyuma yake. Lakini yeye hakuwa na leseni, kwa hiyo sahihi yake haikuwa na maana. Mgeni, ambaye alikuwa ameniona kwa siku zisizofika kumi, alichukua kalamu akathibitisha saa zote, mstari mmoja, bila kuuliza. "Nimeona inavyotosha," alisema. Nikashukuru.

Ilibaki faili ya Maalim. Mgeni alikuwa anaondoka, na aliniachia kazi ya kuikamilisha na kuituma kwa sababu, alisema, mimi ni makini. Shahidi wa kwanza alikuwa kambini palepale, muuguzi mzee aliyewahi kuwa msimamizi wa wodi huko Mogadishu. Alitia sahihi akiwa amesimama, akaniuliza kama kuna kingine. Shahidi wa pili alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi kama dresa, yaani mfunga vidonda, katika chumba cha upasuaji cha hospitali ileile. Huyo hakukaa kambini. Alikuwa na jamaa Garissa, na sasa aliuza majani ya chai na sukari kwenye kibanda huko kwetu Iftin, mitaa miwili kutoka nyumbani. Mama alinunua kwake.

Nilikwenda siku ya Ijumaa, baada ya swala. Nilikuwa na fomu, kalamu, daftari, na ndani ya mkoba nilikuwa nimeweka Msahafu uliofungwa kwa kitambaa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliubeba. Fomu ilisema taarifa iwe na sahihi ya shahidi. Ikiwezekana, iwe ya kiapo. Ikiwezekana. Kwa muuguzi wa kambini sikufikiria hata kidogo kiapo. Nilichukua sahihi yake nikaondoka. Kwa mzee huyu nilijiambia kwamba faili ina kasoro, kwamba Maalim aliwahi kunitajia mwaka mmoja wa kuanza masomo na siku nyingine mwingine, na kwamba kiapo kitaiimarisha. Maneno hayo yote yanasimama vizuri. Ningeweza kuyatetea mbele ya kamati yoyote.

Mzee alinipokea vizuri. Alinipa kiti cha plastiki, yeye akakaa juu ya gunia la sukari, akauliza habari za mama, za marehemu baba, za mvua upande wa kambi. Nilipotaja jina la Maalim uso wake ulifunguka.

"Yule kijana!" alisema, ingawa Maalim alikuwa na mvi. "Yuko hai? Nilisikia yuko hai. Mwambie bado ana kitambaa changu."

Akaanza kusimulia. Alisema waliletwa hospitalini vijana kumi na mmoja kufundishwa, na mwalimu wao alikuwa mgeni mwembamba aliyekunywa chai bila sukari. Wenzake wote walijifunza kwa kuangalia, lakini kijana huyu alifumba macho. Alifumba macho akamshika mgonjwa, na mwalimu akampiga kofi kichwani kwa kufikiri amelala. Siku moja alikuja mwanajeshi ambaye mkono wake ulikuwa umekauka baada ya kutolewa plasta. Madaktari walikuwa wanataka kumrudisha kwenye meza ya upasuaji, lakini kijana akaomba wiki tatu. Dresa mwenyewe ndiye aliyempelekea mgonjwa kila asubuhi, na ndiye aliyemwona siku alipoinua kikombe. Alieleza kikombe kilikuwa cha rangi gani. Alieleza walipomaliza miaka mitatu walipangwa uani, wakapewa vyeti, na kijana hakuwa na shati jeupe, akaazima la dresa, na ndani ya mfuko wa shati kulikuwa na kitambaa ambacho hakikurudi.

Nilikuwa nasikiliza, lakini daftari lilikuwa limefungwa mapajani. Nilikuwa nasubiri afike mwisho.

"Abti," nikasema, nikimwita mjomba kwa heshima, "hayo ni mazuri. Mwaka gani hayo?"

"Mwaka ule wa njaa ndefu walianza. Au uliofuata. Ngamia walikuwa bado wanakufa."

"Huna hakika."

"Nina hakika niliwaona."

Nikatoa Msahafu mkobani, nikauweka juu ya boksi la majani ya chai, juu ya kitambaa chake. "Basi weka mkono hapa useme hivyo, kisha utie sahihi."

Aliutazama muda mrefu. Mteja alikuja, mtoto wa mtu, akataka sukari nusu kilo. Mzee akampimia taratibu, akamfungia karatasi, akarudi kukaa.

"Binti yangu, nilikuwepo," alisema. "Nakwambia nilikuwepo. Nitie sahihi wapi?"

"Kiapo kwanza, abti."

"Kitabu sikiwekei mkono kwa ajili ya karatasi."

"Kama ni kweli, unaogopa nini?"

"Namwogopa ninayemwapia." Hakukasirika. Aliongea kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo alilolisahau. "Na kama nimekosea mwaka? Na kama kikombe hakikuwa kijani? Babangu alikufa hajaapa hata mara moja. Walimdai ng'ombe wawili ambao hakuwachukua, wazee wakamwambia aape yaishe, akalipa ng'ombe. Watu wakajua kwa hilo kwamba hakuchukua."

Watu wakajua kwa hilo. Niliisikia sentensi hiyo vizuri sana. Hakuna mtu aliyekulia Iftin asiyeielewa. Kwetu mwongo ndiye huushika Msahafu haraka. Mcha Mungu huacha haki yake ipite kuliko kuapa, na wanaomtazama humwamini zaidi kwa kukataa kwake. Ningekuwa mgeni mwenye kofia pana, ningesamehewa. Mimi niliijua maana ya kukataa kule kabla hajakataa. Nadhani niliijua nikiwa nyumbani, nikifunga kile kitambaa.

Nikafunga Msahafu katika kitambaa chake, nikamshukuru, nikaondoka na fomu isiyo na sahihi. Alinisindikiza hatua chache akaniambia nimsalimie yule kijana, na kwamba anamwombea safari njema.

Niliandika kwa Kiingereza safi, kwa mashine ya ofisi: shahidi wa pili alisimulia kumfahamu mwombaji, lakini alikataa kuapa. Hakuna neno la uongo humo. Nimelipekua kila moja. Nikaweka taarifa ya muuguzi juu, hiyo chini, na faili yangu mwenyewe katika bahasha nyingine, nikazipeleka zote mbili posta ya Garissa asubuhi moja. Maalim aliniuliza, "Vipi dresa wetu?" Nikasema, "Anakusalimu." Akacheka akasema yule mzee bado anamdai kitambaa.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Nilichaguliwa. Kuhusu Maalim waliandika kwa adabu nyingi kwamba uzoefu wake ni wa kuvutia, lakini ushahidi wa mafunzo haukutosheleza. Anakaribishwa kuomba tena, bila hakika ya ufadhili. Barua yake nilimsomea nje, karibu na mapipa ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama imeandikwa kwa mkono au kwa mashine. Nikasema kwa mashine. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamwambia habari yangu, na akainua mikono miwili akaniombea dua ndefu, hapohapo juani, mbele ya wanawake waliopanga foleni na madumu yao. Nao wakaitikia amin. Ningependa kusema nilisema kitu. Niliitikia amin na mimi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nyumbani. Mama alirudi kutoka dukani akaweka sukari mezani.

"Yule mzee ananiuliza kama Maalim wenu ameshasafiri."

"Kwa nini anauliza?"

"Anasema alikutolea ushahidi. Anasema alikaa na wewe kutoka swala mpaka karibu na alasiri, akasema yote aliyoyaona, daftari lako likiwa limefungwa, na wewe ukamshukuru." Mama akanitazama. Mama hakusoma, lakini si mtu wa kupitwa. "Ulimshukuru kwa nini kama hukuandika?"

Mzee hakujua kwamba hajatoa ushahidi. Alipokaa juu ya lile gunia akasema nilikuwepo, kwake na kwa watu wote wa mtaa ule kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa akisubiri kusikia kwamba kijana amepanda ndege.

Nilirudi kwake siku hiyohiyo, safari hii bila mkoba. Nikamwomba asimulie tena, nikaandika kila kitu: vijana kumi na mmoja, kofi, mkono uliokauka, kikombe, shati. Pale asipokuwa na hakika niliandika hana hakika. Nilimsomea. Akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye chupa za dawa. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Niliiandikia kamati pia, nikauliza kama naweza kumwachia nafasi yangu. Nilijibiwa kwamba nafasi ikiachwa huenda kwa aliyefuata kwenye orodha, na Maalim hakuwa kwenye orodha.

Nilimwambia Maalim kwa njia pekee niliyoiweza, pazia likiwa katikati. Mgonjwa alikuwa yuleyule mwanamke wa goti, ambalo sasa lilikuwa linakunjika karibu nusu. Nilimweleza kila kitu kwa mfululizo, nikiogopa kunyamaza: fomu, neno ikiwezekana, Msahafu, gunia la sukari, sentensi niliyoiandika. Nilimweleza pia kwamba muuguzi sikumwapisha, na kwamba saa zangu zilithibitishwa na mtu ambaye hakuziona, wala hakuna aliyemletea kitabu chochote.

Kigoda kikalia chini ya Maalim.

"Ulijua hataapa," alisema.

"Nilijua."

"Kabla ya kwenda?"

"Nadhani kabla ya kwenda."

Mwanamke aligeuza kichwa akanitazama kutoka kwenye mto, kisha akatazama mabati.

"Nimeandika upya, adeer. Ametia sahihi. Fomu ya mwakani ipo, inahitaji sahihi yako tu. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha leo," alisema. Sauti yake haikupanda. "Leo nitakusamehe kwa adabu tu, kwa sababu una safari na mama yako namheshimu. Msamaha wa adabu hautakufaa huko uendako. Ngoja."

"Mpaka lini?"

"Hilo nalo unauliza?"

Mwanamke akasema, "Nyinyi wawili, mguu wangu si baraza. Mmoja amalizie."

Maalim akasafisha koo. "Kidole gumba kiko wapi?"

Nikamwambia kilipo. Akaniambia nishuke kidogo, nitoke nje kidogo, nisibonyeze. Tulifanya kazi mpaka foleni ikaisha, na hakunifupishia somo hata kwa neno moja.

Niliondoka mwezi uliofuata. Nimesoma sasa zaidi ya mwaka, na walimu hapa huniuliza nilijifunzia wapi kushika hivi. Nami huwajibu kwa jina kamili la Maalim, kisha huulizwa ni wa chuo gani. Fomu yake niliiacha mezani kwa mama, pamoja na taarifa ya mzee, ndani ya bahasha yenye stempu tayari, apite kuitia sahihi atakapokuwa radhi. Nikiandika nyumbani huuliza kama Maalim amepita Iftin, kama ametia sahihi. Mama, kwa mkono wa mdogo wangu, hunijibu habari za mvua, bei ya mbuzi na afya ya majirani wote. Hilo moja halijibu, nami bado naliuliza katika kila barua.